Roketi ziliruka Ngomeni, mvuvi wa Ngomeni hapati hata meseji

Wadau, ile ramani ya bahari niliyoweka wiki jana imezua maneno. Ile ya rangi, buluu huku, kijani kule, kutoka Shimoni mpaka Kiunga. Komenti zimejaa na ukizisoma ni makundi mawili: wanaouliza "app gani hiyo bro", na wanaosema ati wazungu wanawaona samaki wetu kutoka angani na kuwahesabu mmoja mmoja. Halafu kuna mmoja, simtaji, aliyeandika kwamba mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hana ruhusa ya kufundisha watu sayansi. Huyo namjibu mara moja tusipoteze wakati: ni kweli niliacha, karo ilikataa, na hiyo data iko wazi kwa yeyote mwenye bando, haiombi cheti mlangoni. Tuendelee.

Ninachotaka kusema leo nakisema mapema, ili asiyependa kusoma marefu aende zake. Habari za setilaiti kuhusu wapi samaki wa bahari kuu wanaweza kupatikana ni za bure, na zinatoka karibu kila siku. Lakini katika bahari yetu wanaozila faida ni wenye meli kubwa kutoka mbali. Mvuvi wa kwetu, anayelala futi mia mbili kutoka majini, hapati hata meseji. Na msiniambie ni shida ya teknolojia. Teknolojia hii ina umri kunizidi mimi na wengi wenu mnaosoma hapa.

Kwanza tumalize hili la kuona samaki. Setilaiti haioni samaki. Iko mamia ya kilomita juu, samaki yuko chini ya maji, na maji hayapitishi mwanga hivyo. Inachoona ni vitu viwili: rangi ya maji na joto la maji ya juu.

Rangi ni hivi. Baharini kuna mimea midogo sana inayoelea, huioni kwa macho, wanaiita planktoni. Ina klorofili, ile ile inayofanya mchicha uwe kijani. Ikiwa mingi mahali, maji hupoteza ule ubuluu wa kina na kuingia ukijani. Kifaa kilicho juu kinapima mwanga unaorudi kutoka baharini na kukadiria klorofili iko kiasi gani. Marekani walianza kupima hivyo mwaka wa 1978 na setilaiti ya Nimbus-7. Ile ya Aqua iko juu tangu 2002. Ulaya wakaleta Sentinel-3, ya kwanza ikiruka 2016, ambayo inagawanya bahari kwa vipande vya mita 300. Joto nalo linapimwa kwa mwanga usioonekana, na hapo unajua maji ya baridi yamepanda wapi na ya moto yako wapi.

Sasa samaki anaingiaje? Planktoni huliwa na vidudu vidogo, vidudu huliwa na dagaa na simu (simu ya kukaanga, si ya kupiga), na nyuma yao ndio huja jodari, nguru, nduaro na wakubwa wengine. Kwa hivyo unaposhika rangi unashika mezani, si mlaji. Na chakula hakigeuki jodari siku hiyo hiyo. Planktoni ikichanua leo, wakubwa wanaweza kuchukua siku au wiki kufika. Mara nyingi pia hawakai katikati ya ukijani. Wanakaa kwenye mpaka wake, pale maji ya moto na ya baridi yanapokutana, manake pale ndipo kila kitu kinachoelea hukusanyika.

Nahodha mzee anaujua huo mpaka. Ni ule mstari wa povu na mwani juu ya maji, ndege wakishuka na kupanda. Tofauti ni kwamba yeye anauona akiwa umbali wa jicho lake, na setilaiti inauona wote, hata ukiwa na urefu wa kilomita mia. Hiyo ndiyo faida. Hakuna alama ya msalaba kama kwenye filamu za hazina. Ramani inakwambia tu, jaribu upande huu kabla ya ule.

Kwa mtu asiyewahi kununua mafuta ya mashua, hilo linaweza kuonekana dogo. Mjomba wangu ana boti ya faiba yenye injini. Siku ya kwenda nje ya mwamba anaweka lita 60 za petroli. Zidisha kwa bei ya petroli unayoijua. Weka barafu, weka chambo, weka chakula cha watu wanne. Hizo zote hukatwa kwanza jioni kabla pesa haijagawanywa kati ya chombo na mabaharia. Siku ambayo wamezunguka toka alfajiri mpaka alasiri wakitafuta, wamekuta ndege wawili na takataka za plastiki, baharia anarudi nyumbani na samaki wa mboga peke yake. Mama karanga anayemsubiri ufukweni na sufuria ya mafuta naye anarudi bure. Kwa hivyo "jaribu upande huu kabla ya ule" ni pesa, bana. Ni karo.

Haya, tuje kwenye bahari yetu yenyewe, manake hapa ndipo mambo yananoga na ndipo nilipoganda wiki mbili nikiangalia ramani usiku.

Sote tunajua kaskazi na kusi. Mtoto wa Pwani anazijua kabla hajajua meza ya kuzidisha. Lakini zinafanya nini chini? Wakati wa kusi, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini moja kwa moja, unapita Mombasa, unapita Lamu, unaingia Somalia. Maji safi, ya buluu, hayana lishe nyingi, na bahari ni chafu hivyo wenye vyombo vidogo hawatoki. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka. Mkondo wa Somalia unashuka kuja kusini, unakutana uso kwa uso na huu wetu hapo mbele ya pwani ya kaskazini mwa Kenya, na yote miwili inapinda kwenda mashariki, bahari kuu. Pale panapokutana, na juu ya lile tuta la chini ya maji ambalo kwenye ramani huitwa North Kenya Banks, maji ya baridi yenye lishe hupanda kutoka chini. Ukifungua ramani ya Januari au Februari unaona: huku kusini buluu tupu, kule mbele ya Lamu na Ungwana kijani kinajitokeza kama mtu amemwaga rangi.

Sasa angalia utamu wake. Msimu ambao lishe inapanda kule nje ndio msimu ambao bahari imetulia na mvuvi mdogo anaweza kutoka. Mungu amepanga. Lakini ule mkutano wa mikondo hausimami mahali pamoja. Mwaka mmoja unashuka kusini zaidi, mwaka mwingine unabaki juu, hata ndani ya msimu mmoja unasogea. Mtu aliye ndani ya mashua hana namna ya kujua umesogea mpaka aende, achome mafuta, arudi. Mtu mwenye ramani anaujua asubuhi akiwa na chai mkononi.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia lakini. Ramani hizi zina kasoro zake na ni lazima uzijue.

Mawingu ndiyo adui wa kwanza. Kifaa cha rangi hakioni kupitia wingu, na cha joto kile chenye picha nzuri pia hakioni. Kuna vifaa vya aina nyingine vinavyopima joto kupitia mawingu lakini picha yake ni ya vipande vikubwa, kilomita kama 25, haimfai mtu wa boti ndogo. Ndio maana ramani nyingi nzuri unazoziona mtandaoni ni za siku kadhaa zilizounganishwa. Zinapendeza, ila hazisemi ya leo.

Adui wa pili ni wa nyumbani: Sabaki. Mvua ikinyesha bara, mto unaleta udongo wote wa Ukambani na Galana mpaka Malindi, bahari inakuwa chai ya maziwa. Tana naye anafanya hivyo kule Kipini. Hesabu za setilaiti zinachanganya tope na klorofili. Kwa hivyo ukifungua ramani mwezi wa mvua utaona ufukwe wa Malindi unawaka nyekundu kwa "lishe" na ukimpeleka mtu huko atavua matope. Kuna mtu alinitumia ramani kama hiyo akisema amegundua shimo la samaki. Ndugu, umegundua mmomonyoko wa udongo.

Na la tatu, ramani hizi hazina kazi kwa changu, tafi na pweza. Samaki wa mwamba anakaa kwenye mwamba, na mwamba uko pale pale babu alipouacha. Tunazungumzia samaki wa kilindini wanaosafiri.

Nani basi anayezitumia hizi habari ipasavyo? Twende kwa wenye meli.

Bahari ya Hindi magharibi ina meli kubwa za kuvua jodari kwa nyavu za kuzungushia, nyingi zikiwa na asili ya Uhispania na Ufaransa, bandari yao kubwa ikiwa Victoria kule Ushelisheli. Hawa wana ramani za rangi na joto, lakini hawaishii hapo. Wanachukua kile ambacho kila mvuvi anakijua, kwamba samaki hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, gogo au jani la mnazi. Wanatengeneza vielezo vyao, wanaviachia vielee na mikondo, na kila kimoja kina boya lenye kipima samaki chini yake. Boya linatuma kwa setilaiti: niko hapa, na chini yangu pana samaki kiasi hiki. Nahodha wa meli anasoma kwenye skrini, anachagua boya lililojaa, anaenda moja kwa moja. Mwaka wa 2019 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, iliweka kikomo cha maboya 300 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja kwa kila meli. Mia tatu, na hicho ndicho kilichokuwa kikomo! Meli moja iliruhusiwa macho mia tatu baharini, na mjomba ana mawili, moja likiwa na mtoto wa jicho.

Februari 2023 tume hiyo ilikutana hapa hapa Mombasa, na nchi nyingi za ukanda huu zikapiga kura vielezo hivyo vipumzishwe siku 72 kwa mwaka. Ulipita kwa kura. Halafu Umoja wa Ulaya ukapinga, wengine wakafuata, na kwa sheria za tume hiyo wapingaji wakiwa wengi kiasi fulani azimio linakosa nguvu. Likafa. Sikusikia lolote mtaani kwetu siku hiyo, na mkutano ulikuwa umbali wa matatu moja.

Hapo ndipo Ngomeni inapoingia, na hapa naomba watu wa bara msome polepole kwa sababu najua wengi hamjui.

Ukitoka Malindi ukaelekea kaskazini, unafika kijiji cha wavuvi kinaitwa Ngomeni, kwenye ghuba ya Ungwana. Simama ufukweni utazame baharini. Utaona vyuma virefu vimesimama kwenye maji. Ile ni San Marco, mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ilirushwa kutoka pale kwenda mzingo wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa nyingine ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na wakaipa jina Uhuru. Jina letu! Ziliendelea mpaka 1988. Roketi hazirushwi tena lakini kituo cha nchi kavu kipo, chenye madishi yake makubwa ya kuwasiliana na setilaiti zinazopita.

Kwa hivyo fikiria. Watu wa Ngomeni wamevua chini ya roketi tangu kabla babangu hajaoa. Madishi yanayoongea na anga yako nyuma ya nyumba zao. Na leo, 2020 na kitu, ukimuuliza mvuvi wa pale mkondo wa Somalia umeshuka mpaka wapi wiki hii, atakutazama kama umeuliza bei ya kiwanja mwezini. Sio kwamba hana akili. Hakuna aliyemwambia.

Na sisi kama nchi si kwamba tumelala kabisa. Tuna Shirika la Anga za Juu la Kenya tangu 2017. Tarehe 15 Aprili 2023 tulirusha Taifa-1, nikakesha kuiangalia na nilijivunia, sitadanganya, ingawa ilirushiwa California na si Ngomeni. Lakini macho yake ni ya nchi kavu zaidi, mashamba na misitu, na kwa kazi hii ya bahari hatuhitaji hata setilaiti yetu. Za wenzetu zinatosha na zinatoa bure. Zaidi ya hayo, kupitia mradi wa MESA uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, taasisi ya bahari ya Mauritius ilikuwa inatengeneza ramani za maeneo yenye uwezekano wa samaki kwa nchi za ukanda wetu, Kenya ikiwemo. Umesikia? Ramani zilikuwa zinachorwa. Nimeuliza wavuvi Kilifi, Mayungu, Ngomeni, na mpaka sai sijapata mmoja aliyewahi kuiona moja. Niliiandikia ofisi moja barua pepe kuuliza ziliishia wapi. Ukipata jibu lao kabla yangu, nitumie.

Shida ni ile maili ya mwisho, kutoka kwenye kompyuta ya ofisi mpaka kwenye mchanga. Na hiyo maili kuna watu wameshaivuka.

India wana taasisi inaitwa INCOIS, iko Hyderabad, ilianzishwa 1999. Wanachukua joto na rangi kutoka kwenye setilaiti, wanatafuta ile mipaka ya maji, halafu, na hapa ndipo ninapowapigia saluti, hawampi mvuvi ramani. Wanamwandikia kwa kuanzia kwake. Ukitoka bandari ya kijiji chako, elekea upande huu, kilomita hizi mpaka hizi, kina cha maji mita hizi. Kwa lugha ya jimbo lake. Inabandikwa kwenye ubao ufukweni, inatumwa kwa simu, inasomwa redioni. Wakati ule serikali imefunga uvuvi ili samaki wazaane, na ujumbe unafungwa.

Hata kabla ya mambo ya simu mkononi, kule Veerampattinam karibu na Pondicherry, mwishoni mwa miaka ya tisini, shirika la M.S. Swaminathan lilifungua kituo kijijini chenye kompyuta. Kila siku wanachukua urefu wa mawimbi kutoka kwenye tovuti ya jeshi la majini la Marekani, wanautangaza kwa spika zilizofungwa juu ya miti ya ufukweni. Jeshi la Marekani lilikuwa linajiwekea habari zake, na mvuvi wa Kitamil akawa anazisikia kwa lugha yake akiwa anashona nyavu. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka ishirini na tano iliyopita, kwa vifaa ambavyo leo hata msikiti wa mtaani kwetu unavyo.

Najua mtakachosema. Nimeshakisikia chote.

"Wazee wanaijua bahari bila setilaiti." Wanaijua, wallahi. Mjomba ananusa mvua ya kesho kutwa. Lakini nilipomuonyesha ramani kwenye simu yangu hakunicheka. Alitazama kimya, akanyoosha kidole akasema, "Hapa ndipo tulipopata jodari mwaka juzi. Mwaka jana hapakuwa na kitu. Mimi najua samaki walikuwa wapi, wewe niambie wameenda wapi." Bahari ya Hindi inapata joto kwa kasi, kila mtafiti anasema hivyo na kila mvuvi anasema hivyo, na ujuzi wa mzee ulijengwa na bahari iliyokuwa na mazoea. Ramani na mzee hawagombani. Mzee ndiye anayejua ramani inadanganya wapi, pale Sabaki kwa mfano.

"Mtamaliza samaki." Hili ndilo swali zito na silikwepi. Ukimwonyesha kila mtu pale penye samaki, na kila mtu akaenda, utavuna mwaka mmoja na kulia mitano. Ila tuseme ukweli, jodari wa bahari kuu wanavuliwa sai hivi na wenye meli za maboya. Kumnyima mvuvi wa boti ndogo habari hakumpunguzii mwenye meli hata samaki mmoja. Kinachomalizika kwa mkono wetu wenyewe ni ndani ya mwamba, ambako kila mtu amejazana na nyavu za matundu madogo kwa sababu hana uwezo wala uhakika wa kutoka nje. Kumpa sababu ya kutoka msimu wa kaskazi ni kuupumzisha mwamba kidogo. Na kama kuna miezi ya kufunga, ujumbe ufungwe pia, kama India.

"Watu wa ngalawa watafikaje huko?" Hawatafika, na mtu yeyote anayemtumia mwenye ngalawa meseji ya kwenda kilomita arobaini nje anamtumia kifo. Huyo ujumbe wake uwe wa upepo na mawimbi. Idara ya hali ya hewa inatoa tahadhari hizo, ila mara nyingi naziona mimi kwenye mtandao nikiwa kitandani, na yeye keshatoka saa kumi usiku bila bando. Kuhusu boti zenyewe, kila tukikaribia uchaguzi tunaona boti mpya zikikatiwa utepe, injini bado ina nailoni. Baada ya miezi minane iko juu ya mchanga kwa kukosa mafuta. Boti bila habari za kuokoa mafuta ni pambo.

Na kuna hili ambalo hamkulisema ninyi, nalisema mimi. Anga ile ile inayotafuta samaki inaweza kutafuta wezi wa samaki. Tangu 2016 kuna Global Fishing Watch, inaonyesha meli zinazotangaza mahali zilipo, bure, fungua hata sasa hivi. Zile zinazozima vyombo vyao, setilaiti za rada kama Sentinel-1 huziona usiku na kupitia mawingu, ingawa hazipiti juu yetu kila siku. Utafiti uliotoka Januari 2024 kwenye jarida la Nature ulikuta karibu robo tatu ya meli za uvuvi za viwandani duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi. Wavuvi wa Ungwana wamepigana na matrola miaka na miaka. Yalipigwa marufuku 2006, yakaruhusiwa kurudi 2011, na kila mara mvuvi akilalamika nyavu zake zimekatwa anaambiwa alete ushahidi. Picha ya rada yenye tarehe na saa ni ushahidi. Kiongozi wa BMU akifundishwa kuisoma, na si kazi ngumu, mimi nimejifundisha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ataingia kwenye mkutano na karatasi mkononi badala ya hasira.

Sasa ombi langu kwa kaunti zote za Pwani ni dogo na lina tarehe. Kaskazi inayokuja, Desemba mpaka Machi, chagueni fukwe tatu, Ngomeni iwe moja. Watafiti wa bahari tunao Mombasa, KMFRI, wanajua haya yote kuniliko mara elfu. Wapewe kazi ya kuandika sentensi mbili kila asubuhi mawingu yakiruhusu: upande gani, umbali gani kutoka kwenu, upepo vipi. Kwa Kiswahili, na redioni Kibajuni na Kigiriama. Kwa meseji ya kawaida, isiyohitaji bando, na ubaoni kwenye banda la samaki. Siku mawingu yamefunga waandike hatujui, inatosha. Jioni nahodha aseme alipata nini, kilo ngapi, upande ule ulikuwa kweli au uongo, maana bila hilo hao watafiti hawatajua kama hesabu zao zinafaa bahari yetu. Lakini mahali pake pa siri, pale babake alipomuonyesha kwa kulinganisha mnara na mnazi, asiulizwe. Hapo ni pake, na likiingia kwenye kompyuta ya mtu hujui litauzwa kwa nani.

Gharama? Bei ya hema na viti vya hafla moja ya kukata utepe inatuma meseji nyingi sana.

Wakati tunasubiri, mimi nitakuwa naweka ramani hapa kila Jumatatu na Alhamisi kaskazi ikianza, na maelezo kwa sauti kwa wasiopenda kusoma. Itumeni kwenye magrupu ya BMU. Wenye kukosoa mkosoe, hasa ninyi mnaotoka baharini, niambieni ilikuwa uongo au kweli. Mjomba ameshanipa sharti moja: nisiiweke kabla ya saa mbili asubuhi, mpaka boti yake iwe imevuka mwamba.